Kusimamia kompyuta ya Linux ukiwa mbali bila kujifungia nje: mwongozo kamili wa SSH

Mimi nakaa Tabata, Dar, na kompyuta ninayoisimamia iko Mwanjelwa, Mbeya, kwenye duka la stesheneri la dada yangu. Ni desktop ya mtumba, nimeipiga Ubuntu, ndo inabeba mfumo wa mauzo, mafaili ya wateja wa kuprinti na bakapu zote. Kati yangu na hiyo mashine kuna zaidi ya kilomita 800, basi linatoka alfajiri linakushusha giza limeshaingia. Kwa hiyo ikigoma kitu siwezi kusema "napita mara moja", lazima niingie kwa mbali, na njia ninayotumia ni SSH, yani njia ya kuandika amri kwenye kompyuta iliyo mbali huku mazungumzo yote yamefichwa.

Watu wengi wakisikia usalama wa seva wanawaza wezi tu. Wezi wapo, tutafika huko, ila kwa uzoefu wangu mtu wa kwanza kukufungia nje ya seva yako ni wewe mwenyewe. Ndo maana kwenye mwongozo huu mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko amri zenyewe, usiruke.

Kwanza, kwa nini SSH na sio vingine

Zamani watu walikuwa wanatumia telnet, ambayo inatuma kila kitu wazi wazi mpaka paswedi, yani mtu yeyote aliyekaa njiani kwenye mtandao anasoma tu kama anavyosoma tangazo ukutani. Mwaka 1995 pale chuo kikuu cha teknolojia Helsinki, Finland, mtu alitega mtandao wakaibiwa paswedi, na mtafiti mmoja wa hapo anaitwa Tatu Ylönen akakaa chini akaandika SSH. Akaomba porti (mlango wa mtandao) namba 22 kwa sababu 21 ilikuwa ya FTP, ya kuhamisha mafaili, na 23 ya telnet, katikati palikuwa wazi. Saivi tunayotumia karibu wote ni OpenSSH, iliyotengenezwa na watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD, ilianza 1999.

Uzuri wake kwa mtu wa bando: SSH inatuma maandishi tu. Programu za kuonyesha skrini ya mbali zinavuta picha muda wote, mtandao ukilegea mshale unaanza kuruka ruka mpaka unaboreka. SSH hata mtandao ukishuka mpaka ile E unaandika amri unasubiri kidogo jibu linarudi.

Kabla hujaendelea, kama mashine sio yako pata ruhusa ya mwenye nayo, ikiwezekana kwa maandishi. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa hata kama nia yako ilikuwa kusaidia.

Andaa mashine ukiwa bado umekaa mbele yake

Hii hatua wengi wanaikimbia. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka) utafute kipengele kinachohusu umeme kurudi, mara nyingi kimeandikwa `Restore on AC Power Loss` au maneno ya kufanana na hayo, kiweke `Power On`. Bila hivyo TANESCO wakikata na kurudisha, mashine inabaki imezima kama gogo mpaka mtu aje abonyeze kitufe. Kisha izuie isilale:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Halafu weka SSH:

```
sudo apt update
sudo apt install openssh-server
systemctl status ssh
hostname -I
```

Hiyo ya mwisho inakupa anwani ya IP ya ndani, tuseme 192.168.1.20. Kabla hujaondoka soma na alama ya utambulisho ya mashine, uipige picha na simu:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Utaona mstari unaoanza na SHA256. Siku ya kwanza ukiunganisha kutoka kwenye laptop SSH itakuuliza kama unaiamini hii mashine na itakuonyesha mstari huo huo. Watu wote wanaandika `yes` bila kusoma (na mimi nilikuwa mmoja wao miaka), lakini hapo ndo sehemu pekee ya kujua kama unaongea na mashine yako au na mtu aliyejipachika katikati. Ukija kuona onyo kubwa la `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED` wakati hujapiga Linux upya, simama, usilifute tu uendelee.

Ufunguo badala ya paswedi

Paswedi inakisiwa. Seva yoyote iliyo wazi intaneti inagongwa mchana na usiku na roboti zinazojaribu majina kama root, admin, test, ubuntu, oracle. Hazikujui wewe, zinagonga kila mlango. Dawa ni kuachana na paswedi kabisa.

Kwenye laptop yako (sio kwenye seva!) tengeneza jozi:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "laptop ya tabata"
```

Itakuomba uweke maneno ya kulinda ufunguo, weka, usibonyeze Enter tupu, maana laptop ikiibiwa kwenye daladala mwizi anakuwa kaiba na funguo za duka juu yake. Utapata mafaili mawili. Lile la `.pub` lichukulie kama kufuli, unaweza kumpa mtu yeyote akalifunge kwenye mlango wake. Lile lisilo na `.pub` ndo ufunguo wenyewe, halitoki kwenye laptop yako, halitumwi WhatsApp, halitumwi kwenye imeili, hata fundi akikuomba.

Peleka kufuli kwenye seva (`mauzo` ni jina la mtumiaji kwenye mashine ya duka):

```
ssh-copy-id mauzo@192.168.1.20
```

Kwenye Windows 10 na 11 `ssh` ipo tayari ila `ssh-copy-id` hamna, kwa hiyo kwenye PowerShell unafanya hivi:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh mauzo@192.168.1.20 "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"
```

Ikikataa ufunguo na kuendelea kuomba paswedi, mara nyingi shida ni ruhusa za folda, SSH haipendi folda ambayo watu wengine wanaweza kuiandika:

```
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys
```

Kama mko wawili watatu mnaosimamia, kila mtu awe na ufunguo wake. Mtu akiondoka kazini unafuta mstari wake mmoja basi. Mkishea ufunguo mmoja, siku mkigombana mtabadilisha kila kitu.

Funga paswedi, lakini dirisha la kwanza libaki wazi

Kanuni yangu: unapobadilisha chochote kinachohusu mlango, dirisha la teminali ulilonalo usilifunge. Fungua la pili, jaribu kuingia upya, likikubali ndo ufunge la kwanza.

Tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/00-duka.conf` uandike:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
AllowUsers mauzo
```

Kwa nini nimeanza jina na 00? Kwa sababu SSH inachukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na seva nyingi za kukodi zinakuja na faili la `50-cloud-init.conf` lenye `PasswordAuthentication yes`. Unaweza ukabadilisha faili kubwa la `sshd_config` ukatembea kifua mbele kumbe paswedi bado inakubali. Na hapo kwenye `AllowUsers` angalia tahajia vizuri, ukikosea herufi moja umejitoa mwenyewe.

```
sudo sshd -t
sudo systemctl reload ssh
sudo sshd -T | grep -i passwordauth
```

Ya kwanza inakagua makosa (ikinyamaza ni nzuri), ya tatu inakuambia kinachofanya kazi kweli, sio ulichodhani umeandika. Kisha kutoka laptop jifanye huna ufunguo:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no mauzo@192.168.1.20
```

Ikijibu `Permission denied (publickey)` uko sawa. Ikikuomba paswedi rudi nyuma.

Fayawoli, na yaliyonikuta

Fayawoli ni mlinzi anayeamua nani aingie kwenye mashine kupitia mtandao, na kwa Ubuntu unaiendesha kwa UFW. Amri sahihi ni mbili na kwa mpangilio huu:

```
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable
```

Mimi Jumamosi moja jioni nilianza na ya pili. UFW ikaniuliza kabisa, `Command may disrupt existing ssh connections`, niendelee? Nikabonyeza y. Na ubaya wake haikukatika! Muunganiko niliokuwa nao uliendelea vizuri kabisa, nikaandika amri mbili tatu, nikaona mambo safi, nikaandika `exit` nikaenda kula. Kurudi naingia, kimya. Teminali imekaa tu. Fayawoli iliacha mazungumzo ya zamani yaendelee ila mgeni mpya haruhusiwi, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mgeni.

Nikampigia binti anayeuza dukani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Samahani, kaa kwenye ile kompyuta ya chini ya kaunta, andika jina mauzo, halafu paswedi nakutumia meseji."

"Kaka, paswedi haiandikiki. Nabonyeza hakuna kinachotokea."

"Inaandika, haionyeshi tu, we andika bonyeza Enter."

Akaandika mara tatu, kumbe Caps Lock iko juu. Tukafika kwenye `sudo ufw disable`, akaandika `sudu`, halafu `disabled`, maana ile kibodi herufi zimefutika na yeye anafuata Kiingereza anachokijua, sio kosa lake. Wateja wanasubiri fotokopi, dakika za simu zinaisha. Ilichukua karibu nusu saa amri ya maneno matatu.

Tangu siku hiyo nikigusa fayawoli kwa mbali natanguliza mtego wa kunikomboa:

```
sudo apt install at
echo "/usr/sbin/ufw disable" | sudo at now + 10 minutes
```

Maana yake baada ya dakika 10 fayawoli itajizima yenyewe nikiwa nimejifungia. Mambo yakienda sawa naangalia namba ya kazi kwa `sudo atq`, naifuta kwa `sudo atrm` na hiyo namba. Usisahau kuifuta, la sivyo fayawoli itazima kweli na wewe unadhani iko kazini.

Unafikaje kwenye mashine iliyo nyuma ya laini ya simu

Hapa ndo miongozo mingi ya nje inatuacha, wao wanadhani kila raota ina anwani yake ya umma. Duka letu linatumia raota ya laini, na mitandao ya simu inashirikisha wateja wengi anwani moja. Angalia kwenye ukurasa wa raota: kama anwani ya upande wa nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi huwezi kufungua porti hata ufanyeje. Na kiukweli ni heri, maana hata roboti hazikuoni.

Njia rahisi ni Tailscale, inayounganisha mashine zako kwenye mtandao wenu binafsi popote zilipo; imejengwa juu ya teknolojia ya WireGuard na ina mpango wa bure kwa matumizi binafsi. Unaiweka kwenye seva na kwenye laptop, kwa akaunti moja:

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up
```

Seva inapata anwani inayoanza na 100, unaingia nayo popote ulipo. Kisha ruhusu SSH kupitia huko tu:

```
sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 22 proto tcp
sudo ufw delete allow OpenSSH
```

(Mtego wa `at` kwanza, umesahau?) Na kuna jambo moja linauma watu: kwa kawaida ufunguo wa Tailscale unaisha baada ya siku 180. Miezi sita unakula raha halafu siku moja seva imepotea. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, chagua ile mashine, zima kuisha kwa ufunguo. Fanya leo.

Njia ya pili, kama hutaki kumtegemea mtu wa kati na una kaseva ka kukodi chenye anwani ya umma, ni kuifanya mashine ya duka ndo ipige simu kwanza:

```
ssh -N -R 2222:localhost:22 -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes daraja@seva-yako
```

Ukiwa Dar unapita hapo:

```
ssh -J daraja@seva-yako -p 2222 mauzo@localhost
```

Hiyo ya duka iweke kama huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye `Restart=always`, ili mtandao ukikatika irudi yenyewe. Huduma haina mtu wa kuandika yale maneno ya kulinda ufunguo, kwa hiyo itengenezee ufunguo wake peke yake usio na maneno, na kwenye kile kiseva huyo `daraja` asiwe na `sudo` wala kazi nyingine yoyote. Inafanya kazi vizuri, ila Tailscale ina kazi ndogo zaidi, mimi nimebaki nayo.

Sasa faida yenyewe

Kwenye laptop andika faili `~/.ssh/config`:

```
Host duka
    HostName 100.101.102.103
    User mauzo
    ServerAliveInterval 60
```

Weka anwani yako hapo. Kuanzia hapo ni `ssh duka` tu.

Kitu cha kwanza ukishaingia ni `tmux`. Mtandao ukikatika katikati ya apudeti ndefu, bila tmux kazi inaweza kufa nusu na mfumo ukabaki umevunjika. Ukiwa na tmux unaingia tena unaandika `tmux attach` unakuta kazi inaendelea kama vile hujaondoka.

Bakapu naivuta usiku:

```
rsync -avz duka:/srv/mauzo/ ~/bakapu/mauzo/
```

Inaleta kilichobadilika tu, bando linapona. Ila faili la databesi inayotembea usilinakili hivi hivi, toa kwanza dampo lake (nakala inayotolewa na databesi yenyewe) ndo uvute hilo dampo.

Na databesi yenyewe usiifungue kwa dunia. Nataka kuangalia mauzo ya leo, napita ndani ya SSH:

```
ssh -N -L 3307:localhost:3306 duka
```

Halafu programu yangu ya databesi naielekeza `127.0.0.1` porti 3307, yenyewe inajua iko hapo hapo nyumbani kumbe inaongea na Mbeya. VNC, ya kuona skrini ya mbali, nayo ni vile vile. Kuacha porti 5900 wazi intaneti ni kuacha duka wazi usiku na taa imewashwa.

Ukiwa huna laptop, Termux (programu ya teminali) kwenye Android inatosha kabisa, ila itengenezee ufunguo wake, usihamishe wa laptop.

Apudeti na macho

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades
```

Hii inaweka viraka vya usalama yenyewe. Kama unaona ni ushamba kuhangaika na apudeti, kumbuka Machi 2024: injinia mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akachimba, akakuta mtu kapandikiza mlango wa siri kwenye maktaba ya kubana data ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ilikamatwa kabla haijafika kwenye Debian na Ubuntu za kawaida tunazotumia. Julai mwaka huo huo OpenSSH yenyewe ikatoa kiraka cha tundu lililopewa jina la regreSSHion. Ndo maana mimi pia nakaa kwenye matoleo ya LTS (yale yanayotunzwa kwa muda mrefu), sina haraka ya vipya.

Mara moja kwa wiki angalia nani kaingia na nani kajaribu:

```
last -n 20
sudo journalctl -u ssh --since "7 days ago" | grep -iE "failed|invalid"
```

Kuhusu fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi, watu wanaipenda sana, mimi siipingi, kwenye seva yenye anwani ya umma inapunguza kelele kwenye logi. Ila kama umeshafunga paswedi haiongezi ulinzi mkubwa, na kwetu kuna hatari yake: anwani unayotoka unashea na watu kibao wa mtandao wako wa simu, jirani usiyemjua akifanya ujinga mnafungiwa wote. Kubadilisha porti 22 nayo ni hivyo hivyo, inapunguza kelele tu. Ukiamua kuibadilisha kwenye Ubuntu 24.04 kumbuka kupiga `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl restart ssh.socket`, bila hivyo utashangaa mbona iko pale pale. Na ruhusu porti mpya kwenye fayawoli kabla.

Jaribio la mwisho

Kabla hujapanda basi kurudi, piga `sudo reboot`, usiguse kibodi wala skrini, subiri, ingia kwa laptop ukitumia bando la simu yako na sio Wi-Fi ya duka. Halafu izime kwa `sudo poweroff`, chomoa waya wa umeme ukutani, hesabu mpaka thelathini, rudisha. Ikiwaka yenyewe na ukaingia, unaweza kuondoka. Usichomoe ikiwa inafanya kazi kama kuna data ya maana ndani, na kama duka lina hela kidogo nunueni UPS.

Juzi usiku dada kanipigia, umeme ulikatika Mwanjelwa na umerudi, anauliza kama aende dukani akaiwashe mashine. Nilikuwa nimesimama kwenye daladala la Tabata, mkono mmoja umeshika bomba. Nikafungua Termux, `ssh duka`, nikaandika `uptime`. Ikajibu `up 4 min`. Nikamwambia alale.